Onyesho la mwisho la Mzee: tulivyoliandaa hapa Dodoma, gharama zake na vita vyake

Naandika hii kwa sababu kuna watu wamenipigia wakiuliza lile onyesho la Mzee tulilifanyaje, na kila mmoja ana mzee wake. Mmoja ana baba aliyekuwa akicheza michezo ya redio, mwingine kwenye kikundi chao kuna mama ambaye daktari keshamwambia asijichoshe ila yeye kashikilia apande jukwaani mara moja tu, basi. Nimechoka kueleza kwenye simu, bando linaisha, ngoja niweke yote hapa. Jina la Mzee silitaji, familia imeomba hivyo na nawaelewa, ila wa rika langu mkiisikia sauti yake tu mtamjua. Kwenye redio alisikika, kwenye TV akaonekana, na enzi zile za filamu za CD kila kibanda cha kukodisha kilikuwa na sura yake ukutani. Mgogo wa huku huku, aliondoka kijana akaenda Dar kutafuta maisha, akarudi mzee na moyo unaosumbua.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili sekondari, kikundi cha maigizo cha shule kiko chini yangu, na binti yake mkubwa tunakaa naye mtaa mmoja Ipagala, ndo ilivyoanza. Akaja jioni moja akaniambia mwalimu, baba anataka kucheza, na hali yake ya moyo si unaijua. Nikaenda kumwamkia. Nikamkuta kivulini nje, miguu imevimba kaiweka juu ya kreti la soda, nikasema shikamoo mzee, akaitika marahaba, akaongeza na salamu ya Kigogo, mbukwa mwalimu, halafu hata sijakaa vizuri akaniuliza, "Hao wanafunzi wako wanajua kungoja?" Nikamuuliza kungoja nini. Akasema kungoja kicheko kiishe ndo waseme neno linalofuata. Hapo nikajua huyu mtu hataki kuagwa, huyu anatafuta kazi.

Sasa kama kawaida yetu, likafunguliwa group la WhatsApp na kamati ikaundwa. Haikupita muda watu wakaanza kutuma picha za maua na mishumaa utadhani mtu keshakufa. Kamati ikaja na wazo la usiku wa kumuenzi: keki, tuzo ya kioo, hotuba, Mzee akalishwe kwenye lile kochi la bwana harusi watu wapite wampe mkono na bahasha. Alipoelezwa akawasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Mnaniaga naenda wapi?" Wakakosa jibu. Akasema, "Msinichangie. Nilipeni."

Hayo maneno ndo yalitupangia kila kitu na ndo nataka myabebe. Ukimchangia mgonjwa, wewe ndo unaamua afanyiwe nini na lini, yeye kazi yake kushukuru. Ukimlipa msanii inabidi ukae naye mezani akuambie anataka nini, hataki nini, anaweza nini. Karibu kila tulipokwama, ukichunguza, kuna mtu alikuwa amesahau kwamba huyu yuko kazini.

Nikaanza kusoma wenzake walimalizaje. Kwetu hapa wengi hawakupata hata nafasi ya kuchagua. Steven Kanumba, yule nyota wa filamu, aliondoka tarehe 7 Aprili 2012 akiwa na miaka 28, nani alikuwa anafikiria kuhusu kazi ya mwisho. Wachekeshaji Mzee Small na King Majuto waliugua muda mrefu kabla ya kufariki, mmoja 2014, mwingine Agosti 2018, na mnakumbuka watu walivyokuwa wanazungumzia ugonjwa wao kuliko kazi zao. Ulaya na Marekani wana visa vyao. Molière wa Ufaransa tarehe 17 Februari 1673 alikuwa jukwaani anacheza mtu mzima wa afya anayejidhania mgonjwa, na yeye mwenyewe ni mgonjwa kweli kweli, akashikwa na kikohozi, akajikaza mpaka mchezo ukaisha, akapelekwa nyumbani na usiku ule ule akafa. Nilimsimulia Mzee hicho kisa nikidhani atahuzunika. Akacheka mpaka akakohoa, akasema huyo alipata wahusika wawili kwa malipo ya mmoja.

Kilichonisaidia zaidi ni habari za Spencer Tracy, mwigizaji wa Marekani. Filamu yake ya mwisho alicheza na Katharine Hepburn mwaka 1967, moyo umeshachoka kiasi kwamba kampuni za bima zilikataa kumkatia bima. Unajua walifanyaje? Hepburn na mwongozaji, Stanley Kramer, waliweka malipo yao wenyewe dhamana, jamaa akishindwa kumaliza wao hawalipwi. Na ratiba ikapangwa afanye kazi asubuhi tu, mchana anarudi kupumzika. Akamaliza sehemu yake, na siku 17 baadaye, tarehe 10 Juni, akafariki. Nikaipeleka hiyo habari kwenye kamati kama ilivyo: mazoezi asubuhi tu, saa tatu mpaka saa tano, na pesa ya Mzee inawekwa pembeni kabla ya kitu kingine chochote, hata kama siku hiyo hataweza kusimama. Kwenye pesa walinuna. Mmoja akauliza je akilipwa halafu asicheze? Nikamwambia basi itakuwa hasara yetu, si yake.

Kabla ya yote nendeni kwa daktari, na muende na mzee mwenyewe, msimpelekee daktari habari za kuhadithiwa. Sisi tuliingia watatu, Mzee, binti yake na mimi, na nilikuwa nimeandika maswali kwenye karatasi. Usiulize "anaweza kucheza?" maana daktari yeyote mwenye akili atasema apumzike. Uliza anaweza kusimama muda gani, anaweza kupanda ngazi ngapi, akianza kuhema vile tunamfanyaje, dalili gani ikitokea tunasimamisha mchezo bila kujadiliana. Tukaambiwa kukaa sana kuliko kusimama, asipaze sauti kwa nguvu mfululizo, asikae kwenye baridi, na akisema kifua kinabana mchezo umeisha hapo hapo. Halafu kuna ile dawa ya kupunguza maji mwilini, wenye wagonjwa wa moyo mnaijua, akimeza haipiti muda anatafuta choo, tena na tena. Hakuna mtu kwenye kamati aliyekuwa amewaza hilo. Daktari ndo alimpangia ameze saa ngapi siku ya onyesho, na nasisitiza daktari, kuna ndugu alishauri siku hiyo asimeze kabisa, nikamwambia naomba tusitaniane.

Hicho choo kilitubadilishia hata ukumbi. Wa kwanza tuliokuwa tumeupenda ulikuwa mkubwa, mzuri, uko barabarani, lakini vyoo viko nyuma kabisa, vya kuchuchumaa, na unashuka ngazi. Mtu wa miguu iliyovimba unamchuchumalishaje? Tukahamia ukumbi mdogo Area C wenye kachumba nyuma ya jukwaa na choo cha kukaa mlango wa pili. Walioingia walibanana, wengine walisimama madirishani, lakini Mzee alikuwa na hatua chache tu kutoka kwenye kiti chake mpaka chooni. Mkikagua ukumbi, anzeni chooni.

Mchezo wenyewe aliutunga yeye, mimi niliandika tu akisema. Mzee wa kijijini anakuja ofisini mjini kufuatilia kiwanja chake, anaambiwa njoo kesho, anakuja kesho, anaambiwa mhusika yuko kikaoni, anakaa kwenye benchi. Watu wa Dodoma hicho kisa mtu hahitaji kutafsiriwa, viwanja vimewaliza wengi hapa hata kabla serikali haijahamia. Mi nilikiona ni cha kuchekesha tu, mpaka tulipoanza mazoezi ndo nikaona ujanja wake. Mhusika amekaa mwanzo mpaka mwisho! Akihema ni mzee wa watu amechoka kusubiri. Akinyamaza muda mrefu, anasubiri. Akisahau maneno, ana bahasha ya kaki ya vielelezo mkononi anaifungua kila mara kuangalia karatasi zake, na humo ndani tuliweka maneno yake yote, nimeyachapa kwa maandishi makubwa. Yaani kila udhaifu wa mwili wake aliugeuza ukawa wa mhusika. Alivaa mgolole begani na viatu vya matairi, na kwa vile miguu imevimba viatu vya kawaida visingeingia hata hivyo.

Kwa hiyo ukiwa na mzee wako usimtafutie igizo lake maarufu la ujanani alirudie. Watu wataomba hilo, najua, na kwetu waliomba. Alikataa, alisema yule aliyecheza lile alikuwa anaruka meza, "mimi hata meza siwezi kuizunguka".

Kilichotusumbua kidogo ni kuwaambia waigizaji wengine au kutowaambia. Familia haikutaka. Walinitajia Chadwick Boseman, yule mwigizaji wa filamu wa Marekani aliyefariki Agosti 2020, kwamba alifanya kazi miaka akitibiwa saratani na watu hawakujua. Ni kweli, watazamaji hawakujua, na ilikuwa haki yake. Lakini jukwaani ni tofauti na filamu, hakuna kusimamisha kamera. Kuna mwigizaji Mwingereza, Edmund Kean, Machi 1833 alianguka jukwaani London akicheza Othello, akaangukia mikononi mwa mwanawe Charles aliyekuwa anacheza naye, hakupanda tena na Mei akafa. Nikawauliza, Mzee akianguka ataangukia mikononi mwa nani kama kijana aliyekaa mbele yake hajui kitu? Mzee mwenyewe akaamua: waigizaji waambiwe, watazamaji wasiambiwe, na kwenye bango lisiandikwe neno "mwisho". Likaandikwa jina lake na saa tu.

Aliyecheza karani alikuwa kijana anayesoma UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, na huyo tulimpa kazi ya kushika maneno ya pande zote mbili, yake na ya Mzee. Tena tulimfanyisha mazoezi ya kumaliza mchezo peke yake. Mzee akiinuka ghafla kwenda ndani, karani anapokea simu ya bosi, anaongea na ile simu mpaka tunajua hali ikoje, na kama harudi anawaambia watu ofisi imefungwa, njooni kesho, taa zinazima. Kijana alikuwa anayachukia hayo mazoezi, kuna asubuhi moja alilia. Mzee akamwita akamwambia, "Ukiweza kunifukuza ofisini vizuri, mi nitakaa kwa amani." Hayo mazoezi yaliniuma na mimi, ila yafanyeni.

Vibali sitawachosha. Anzieni kwa afisa utamaduni wa halmashauri yenu, atawaambia mengine, nendeni mapema na maandishi ya mchezo mkononi, na polisi pia wapewe taarifa. Michezo ya jukwaani nayo imo kwenye Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976, kwa hiyo usijidanganye kwamba kwa kuwa hakuna kamera basi huulizwi.

Pesa sasa. Jumla ilitoka milioni tatu na kidogo. Mzee milioni moja. Ukumbi laki nne, mziki na maiki laki tatu na nusu, waigizaji wanne laki laki. Kuna mama mmoja waliyecheza naye miaka mingi aliomba aje kutoka Dar acheze hata sentensi mbili, akaja na binti yake kwa SGR, nauli 31,000 kila mmoja kwa safari moja, na nashukuru ile treni ipo, kwa basi na umri wake asingefika na mgongo wake. Jenereta na mafuta, gari la kumchukua na kumrudisha, nesi wa kukaa naye, chai na chapati za asubuhi za mazoezi ambazo hakuna bajeti duniani inayozikumbuka. Kwenye ahadi za group tulikuwa na zaidi ya milioni tano, matajiri watupu. Iliyoingia haikufika hata nusu yake. Iliyobaki tulijazia kwa viingilio, elfu tano, wanafunzi buku mbili, na nyingine ilitoka mifukoni mwetu, mfuko wangu ukiwemo, mume wangu hadi leo hajui ni ngapi na naomba asisome hapa. Ushauri wangu ni panga bajeti kwa pesa iliyokwisha kuingia kwenye simu. "Niwekeni laki mbili" si pesa, ni maneno.

Mkataba tuliandika ukurasa mmoja, Mzee akasaini, binti yake na mjumbe wa mtaa mashahidi. Kiasi, lini kinalipwa, na kifungu kimoja alichokidai yeye kwa ukali: nani anarekodi, na video ni ya nani. Alinieleza zile filamu za CD aliziuza kwa jumla, alipewa hela yake mkononi mara moja, halafu miaka ikapita anajiona kwenye mabasi ya mikoani, anajiona kwenye YouTube watazamaji mamia kwa maelfu, hapati hata ya maji. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamtambua mwigizaji, onyesho lake halirekodiwi na kurushwa bila idhini yake, na COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, ndo mahali pa kwenda kuulizia. Wengi hatujui. Siku ya onyesho walikuja vijana wa chaneli moja ya mtandaoni na kamera zao, wanasema wao ni media hawazuiwi. Nikawaonyesha ile karatasi mlangoni. Wakakasirika, wakaondoka na mmoja akanitukana. Sawa tu.

Ilikuwa mwezi wa nane, na Dodoma mwezi wa nane mnaujua, mchana jua, jioni upepo unabeba vumbi lote la Nkuhungu unakuletea usoni, usiku baridi. Paa la ukumbi ni bati, upepo ukipiga linagonga utadhani kuna mafundi juu, na sauti ya Mzee haikuwa tena ya kushindana na bati. Maiki ya kubana kwenye nguo aliikataa, na kweli tulipoijaribu ule mgolole ulikuwa unaikwaruza, spika zinatoa mlio wa kuudhi. Tukaficha maiki kwenye meza ya karani, ndani ya trei ya mafaili, imeelekezwa kwenye benchi. Hakuna aliyeiona. Muda tukapanga saa tisa alasiri ili saa kumi na moja awe kwenye gari kabla ya baridi.

Halafu kamati ikaleta mgeni rasmi.

Mi nilipinga, nikashindwa kwa kura. Saa tisa ukumbi umejaa, mgeni hajafika. Saa tisa na nusu yuko njiani. Saa kumi emsii anasema tunaomba uvumilivu ndugu zangu, mheshimiwa yuko karibu sana. Huku nyuma Mzee kavaa tayari, kakaa, dawa inamwenda, kashaenda chooni sijui mara ngapi, nesi anaangalia saa, miguu inazidi. Bati limeanza kugonga. Mwenyekiti wa kamati anasema protokali hairuhusu kuanza. Mzee akamtazama, akasema, "Mgeni rasmi ni yule aliyekuja saa tisa." Akachukua bahasha yake, akashika bega la yule kijana, akatoka. Emsii bado anaongea! Watu wakadhani ndo mchezo umeanza, na ukawa umeanza kweli. Emsii akabaki amesimama na maiki, Mzee akamuuliza, "Mwanangu, ofisi ya viwanja ndo hii?" na yule emsii, Mungu ambariki, akajibu, "Ndiyo mzee, subiri hapo kwenye benchi," akashuka. Ukumbi uliinuka kwa kicheko.

Kama katikati hivi ya mchezo akasahau. Nilikuwa pembeni nimekunja karatasi zangu, nikaona anafungua bahasha, anaangalia, anageuza karatasi, anaangalia tena. Akapapasa kifuani. Miwani! Miwani ilikuwa kwenye shati alilovua kule nyuma. Zile sekunde sitazisahau, nilihisi tumbo linashuka. Yule kijana kanitazama, mi nikatikisa kichwa asiseme kitu, mwache. Mzee akainua uso taratibu, akanyoosha ile karatasi kwa karani, akasema, "Hebu nisomee mwanangu, mimi macho yamebaki nyumbani." Kijana akapokea, akasoma. Akamsomea Mzee maneno yake mwenyewe kwa sauti, kwa ile dharau ya kikarani, yale malalamiko yote kuhusu kiwanja cha baba yake, na Mzee anaitikia, "Ehee. Enhe. Hapo hapo. Rudia hapo." Watu walicheka mpaka kuna mama alitoka nje. Wengi hadi leo wanajua ndo ilivyoandikwa. Kwa hiyo: miwani miwili, mmoja umefungwa kwa kamba kwenye benchi. Lakini zaidi ya miwani, ile bahasha iliokoa kwa sababu ilikuwa sehemu ya mchezo na kwa sababu kijana alijua kungoja. Mtu wa pazia akimnong'oneza maneno mzee kama huyu, ukumbi mzima unasikia isipokuwa yeye.

Mgeni rasmi aliingia dakika za mwisho na msafara wake, akakuta viti vya mbele watu wamekaa. Alikaa kwa heshima zake, alicheka, na hotuba yake alifupisha mwenyewe, kwa kweli alituzidi kamati nzima.

Mwisho Mzee hakusimama kuinamia watu. Watu ndo walimwendea, kutuza, na hapa nawaonya, kutuza ni furaha lakini ni vurugu, watu wanapanda jukwaani na noti na simu za kupiga selfi, wengine wanamkumbatia mtu anayehema. Tulikuwa tumeweka wapwa zake wawili kwenye ngazi na kikapu, ukitaka kutuza tuza kwenye kikapu. Hata hivyo bahasha ya kaki ilijaa noti. Gari liliondoka saa kumi na mbili kasoro, jua bado lipo. Ndani ya gari hakuongea juu ya onyesho hata kidogo, aliomba mlenda.

Baada ya hapo alilala sana, wiki ile ilikuwa nzito, akapelekwa hospitali kwa siku chache akarudi. Na maneno yakaanza. Kuna ndugu walisema wazi wazi kwamba mwalimu kammaliza mzee wetu kwa ajili ya kujitafutia jina. Nililia, siwadanganyi. Nilimuuliza daktari wake ana kwa ana kama onyesho ndo lilimuathiri, akaniambia ule moyo ulikuwa unakwenda huko huko, niwepo nisiwepo, na kwamba yeye alimuona mtu aliyekuwa anameza dawa zake kwa wakati kwa mara ya kwanza, kwa sababu alikuwa na mazoezi kesho yake. Lakini jiandaeni, hayo maneno yatakuja, na ndo maana msifanye lolote bila binti au mtoto wake mmoja kuwepo kila hatua.

Mzee alifariki mwezi wa kwanza, mvua zimekolea, barabara ya kijijini kwao ilikuwa tope tupu. Msibani simu za watu zilikuwa zinazungusha vipande vya lile onyesho, vimerekodiwa kwa kuibia, vimewekewa mziki wa huzuni kwa chini, kichekesho chote kimefutika. Binti yake alivumilia mpaka arobaini ikapita.

Video yetu, ile nzuri, tuliyorekodi kwa kibali chake, ipo kwangu kwenye diski mbili. Kwa mkataba ni mali yake na sasa ni ya watoto. Watoto ni sita, mama wawili. Hapo ndo mkataba wetu wa ukurasa mmoja ulipoishia, tuliandika video ni ya Mzee, hatukuandika nani ataisimamia asipokuwepo, kwa hiyo nyie ongezeni huo mstari na mumtaje mtu. Wanne wanataka ipande YouTube wagawane, mmoja anataka iuzwe kwa TV, mmoja hataki kabisa watu wamwone baba yake amevimba miguu. Jumapili kuna kikao kwa shangazi yao, mi nimeitwa kama shahidi, naenda na karatasi yenye sahihi yake na sina mpango wa kuiacha diski hata moja pale mezani mpaka wasaini wote sita.